Mbona Nikilia Unanihamisha?

Sisi tuliolelewa Malaba tulijifunza mapema kusikiliza kwa masikio mawili. Katika maduka yaliyopakana na barabara kuu iendayo Tororo, redio moja ilifunguliwa Idhaa ya Taifa ya KBC kutoka Nairobi, na redio ya duka la pili ikawa inasoma habari za Radio Uganda kutoka Kampala. Mtoto aliyetumwa chumvi alipita katikati ya sauti hizo mbili, zikakutana kichwani mwake. Sikujua wakati huo kwamba siku moja ningekesha nikijaribu kuzipatanisha sauti mbili za mtu mmoja, nami nishindwe.

Makala haya yanahusu vali nne za redio, nilivyozichagua vibaya, na nilivyokuja kuzichagua vizuri baada ya muda kunipita. Nayaandika katika jarida la Kiswahili wala si la uhandisi, kwa kuwa kosa nililolitenda ni lile ambalo wengi wetu tunaokusanya fasihi simulizi hulitenda bila hata kushika waya.

Babu yangu, mjomba wa mama, ni Mteso wa upande wa Kenya na mpigaji wa adeudeu, kinubi cha Wateso ambacho nyuzi zake hudonolewa kwa vidole. Nilipohitaji matini ya mbolezi kwa ajili ya tasnifu yangu, sikuwa na haja ya kwenda mbali. Babu ana mbolezi moja aliyomtungia kaka yake aliyefariki. Huianza kwa kunong'ona, kana kwamba anazungumza na kinubi na hataki sisi tusikie. Kisha huimba kwa sauti ya wastani. Kisha, bila ya kutoa ishara, hupaza sauti na kumwita kaka yake kwa jina mara tatu, halafu hunyamaza na kukiachia kinubi kiendelee peke yake. Mnong'ono na mwito ule vimeachana kwa takribani desibeli 40. Kwa asiyezoea hesabu hizi, hiyo ni tofauti ya mara 100 katika volti zinazotoka kwenye maikrofoni.

Mara ya kwanza nilimrekodi kwa simu. Simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe bila ya kumwomba mtu ruhusa. Babu aliponong'ona, simu ilipandisha kila kitu: nyenje, mbwa wa jirani, na malori yaliyopanga foleni kuelekea forodhani. Alipoita, simu ilimshusha ghafla hata mwito ukawa mdogo kuliko malori. Nilikuwa na rekodi nzuri sana ya malori.

Niliazimia basi kutengeneza kifaa changu mwenyewe cha kufanya kazi hiyo kwa adabu. Mafundi wa studio hukiita kompresa. Jina hilo lina mashaka yake. Ukimwambia mtu wa Busia kwamba unatengeneza kompresa, atakuuliza utaiweka kona gani na utatoza shilingi ngapi kwa gurudumu, maana kompresa aijuayo ni ile ya kutilia magurudumu upepo. Mimi nimekuwa nikikiita kibanasauti, na humu nitalitumia neno hilo, ingawa sina haki ya kumlazimisha mtu. Hata hivyo, mpaka wetu una historia ya kuipa lugha msamiati. Neno "bodaboda" lilizaliwa hapa kwetu, kwa waendesha baiskeli waliowavusha wasafiri kutoka kituo cha mpakani cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, na leo limeenea kote Afrika Mashariki. Halikutungwa na jopo lolote la istilahi. Watu walikuwa na haja nalo, likaja.

Kibanasauti hufanya nini? Mfikirie mtu aliyeshika kitufe cha sauti cha redio. Mwimbaji akipaza, yeye hupunguza kidogo. Mwimbaji akishusha, yeye hurudisha. Mnong'ono na mwito husogeleana, na msikilizaji mwenye spika ndogo huvipata vyote viwili. Ugumu ni kwamba mkono huo lazima uwe mwepesi na usisikike.

Mwaka 1930 wahandisi wawili nchini Marekani, Stuart Ballantine na H. A. Snow, walieleza aina ya vali iliyoufaa mkono huo. Ndani ya kila vali ya aina hii mna kathodi itoayo elektroni inapopata joto, anodi izipokeayo, na kati yao gridi, waya mwembamba uliozungushwa mithili ya chemchemi ya godoro. Gridi ikitiwa volti hasi huzizuia elektroni kupita. Katika vali ya kawaida mizunguko ya gridi ina nafasi sawa, kwa hiyo mkondo hukatika takribani wote kwa pamoja. Ballantine na Snow waliifanya gridi yenye nafasi zisizolingana. Volti hasi inapoongezeka, sehemu zilizobanana hufunga kwanza, na zilizoachana huendelea kupitisha. Vali ya namna hiyo haizimiki ghafla; hufifia.

Shabaha yao ilikuwa redio, ili kituo cha karibu chenye nguvu na cha mbali kilicho hafifu visimshtue msikilizaji anapohama kutoka kimoja hadi kingine. Baadaye watengenezaji wa mitambo ya kurekodia waliichukua rai hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Rein Narma, mhandisi mzaliwa wa Estonia aliyehamia Marekani, alibuni kibanasauti cha stirio kilichouzwa kwa jina la Fairchild 670. Kilikuwa na vali 20 na uzito unaokaribia kilo 30. Vali zake kuu ziliitwa 6386, na siku hizi ni adimu na ghali mno. Mwanafunzi wa Malaba haulizi bei yake mara mbili.

Lakini ipo vali ya kimaskini iliyo na gridi ya namna ile ile, nayo ni 6BA6. Ni ndogo kama kidole gumba, ina miguu saba, na ilitumika katika redio nyingi mno za zama zake. Ukiunganisha gridi yake ya pili na anodi huweza kufanya kazi hii kwa heshima. Nilihitaji nne: mbili za upande wa kushoto na mbili za upande wa kulia.

Nilizipata kwa fundi mmoja mzee wa Malaba ambaye alikuwa ameacha kutengeneza redio na sasa anatengeneza chaja za simu. Chini ya meza yake palikuwa na katoni iliyosheheni vali zilizofungwa kwa magazeti, nyingine kutoka upande wa Kenya na nyingine kutoka Uganda, zilizong'olewa katika redio za watu waliokwisha kuhamia transista. Yeye huziita "taa". Tulichambua katoni yote, tukapata 6BA6 ishirini na tatu, zenye majina ya viwanda mbalimbali. Mimi, kwa akili ya kitabuni, nikaanza kuziweka mafungu kwa majina.

"Mwalimu," akaniambia, maana huniita hivyo tangu aliposikia nasoma chuo kikuu, "hayo ni majina ya kioo. Taa yenyewe iko ndani."

Nilidhani anatania, kumbe ni kweli tupu. Viwanda vya vali vilikuwa na mazoea ya kuuziana bidhaa na kupigiana chapa, hata vali mbili zenye majina tofauti zikaweza kutoka kiwanda kimoja, na mbili zenye jina moja zikatoka viwanda viwili. Nilimsikia, lakini sikumwelewa.

Kwa mujibu wa vitabu, 6BA6 ikipewa volti 100 na gridi yake ya kwanza ikiwekwa kwenye hasi 1, hupitisha jumla ya miliampia 15 hivi katika kathodi. Nilitia resista ya omu 10 chini ya kila kathodi, nikapima kwa multimita: milivolti 150 humaanisha miliampia 15. Vali zenye kasoro nikazitupa. Katika zilizobaki nikapata nne zilizosomeka 148, 149, 149 na 151. Nilifurahi kama aliyepata vina vinne bila ya kuvitafuta. Nikazichomeka, nikaunganisha transfoma nilizoziagiza Nairobi kwa akiba ya mwaka mzima, nikajaribu kwa nyimbo za redioni, nikaona mambo ni sawa. Wikendi iliyofuata nikabeba kibanasauti, maikrofoni mbili na kompyuta hadi nyumbani kwa Babu.

Alipiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Mimi niliyakodolea macho mishale ya mita, wala sikusikiliza. Wakati wa mwito mishale ilirudi nyuma kama nilivyotarajia, nikajipongeza. Jioni nikampa vidude vya masikioni ili ajisikilize. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwito wa kwanza ulipopita, alifumbua jicho moja. Ulipopita wa tatu, alivivua.

"Nani huyu anayebisha mlango kila nikimwita kaka yangu?" akauliza.

Nikavitia masikioni mwangu. Kweli, kila mwito ulianza na kishindo kizito, du, kana kwamba mtu amepiga mlango kwa ngumi. Nilikuwa bado natafuta jibu aliponiongezea la pili:

"Na mbona nikilia unanihamisha?"

Nilirudia kusikiliza. Babu alikuwa ameketi katikati ya maikrofoni zile mbili. Katika mnong'ono yupo katikati. Katika wimbo yupo katikati. Lakini kila alipomwita kaka yake, sauti yake ilikimbilia kushoto, ikakaa huko hadi mwito uishe, kisha ikarudi kama mtu aliyevuka mpaka bila kibali na kurejeshwa. Kinubi nacho kilihama pamoja naye. Nikamwambia, "Ni vali, Babu." Akaniangalia kwa muda, akasema, "Sawa," kwa namna ile wazee husema sawa wanapoona jambo si sawa.

Nilirudi kwa fundi nikiwa na kibanasauti kwapani na aibu moyoni. Aliniuliza nilizipima vipi, nikamwonyesha zile tarakimu nne. Akazitazama, akatabasamu. "Umezipima zikiwa zimepumzika," akasema. "Kila mtu ni mpole akiwa ameshiba. Zipime zikibanwa."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya jozi. Katika kila upande wa kibanasauti vali mbili hufanya kazi mfano wa sahani mbili za mizani. Sauti huingia katika ya kwanza ikiwa wima na katika ya pili ikiwa imegeuzwa, na transfoma ya kutolea huchukua tofauti baina yao. Volti hasi ya kubana, kwa upande wake, huingia katika vali zote mbili kwa usawa. Ukiongeza uzito ule ule katika sahani zote mbili, mzani hautikisiki. Kwa hiyo ubanaji wenyewe hausikiki. Lakini ikiwa vali moja huitikia volti hiyo zaidi ya mwenzake, mzani huinama kwa ghafla, na kule kuinama ndiko kishindo. Hicho ndicho kilichokuwa kikibisha mlango. Kuhama kwa sauti kulikuwa na sababu ya jamaa moja: jozi ya kulia ilikuwa ikibana zaidi ya jozi ya kushoto, kwa hiyo kulia kulipungua na sauti ikaonekana kwenda kushoto.

Tulitengeneza kibao cha kupimia: soketi moja, volti 100 zilizodhibitiwa, resista ile ya omu 10, na kitufe cha kubadilisha volti za gridi. Fundi alinipa sheria mbili kabla ya kuwasha. Ya kwanza, mkono mmoja ukae mfukoni wakati wa kupima, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Ya pili, ukishazima usiguse kitu hadi kapasita zimalizwe chaji kwa resista na multimita ithibitishe, kwa sababu kapasita huweza kuhifadhi volti za kuua hata waya wa ukutani ukiwa umeng'olewa. Nawaomba wenzangu watakaovutiwa na kazi hii wazishike sheria hizo kabla ya kushika kitu kingine chochote.

Vali 18 ndizo zilizokuwa nzima. Kila moja tuliiacha ipate joto kwa nusu saa, kisha tukaipima katika volti tano za gridi: hasi 1, hasi 3, hasi 6, hasi 10 na hasi 15. Hayo ni masomo 90. Siku ya pili tuliyarudia yote, na kwa vali kadhaa majibu yakawa mengine. Nilidhani nimekosea kuandika. Fundi akanionyesha balbu iliyoning'inia darini. Siku ya kwanza tulipima mchana. Siku ya pili tulipima jioni, wakati majiko na televisheni za mji mzima zimewashwa. Umeme wa volti 240 ulikuwa umeshuka hadi 210 hivi, na volti 6.3 za kupasha joto kathodi zikawa 5.5. Kathodi isiyopata joto la kutosha hutoa elektroni chache. Vali zilikuwa zimebaki kama zilivyokuwa, na mimi nilikuwa nimezihoji zikiwa na njaa. Tukatia kidhibiti cha volti katika mfumo wa joto, tukaanza upya.

Ndipo majibu yakatulia, na ndipo nilipoona kosa langu kwa tarakimu. Zile vali mbili nilizoziita pacha za upande wa kulia, zilizosomeka 149 na 149 katika hasi 1, zilisomeka 31 na 39 katika hasi 6, na 9 na 14 katika hasi 10. Pacha zilikuwa pacha katika mapumziko pekee. Kadiri zilivyobanwa, ndivyo kila moja ilivyofichua asili yake. Kwa upande mwingine palikuwa na vali mbili zenye majina tofauti kabisa kiooni, mojawapo ikiwa na maandishi yaliyofutika nusu, ambazo zilifuatana kutoka hasi 1 hadi hasi 15 kama mishororo ya mshairi mmoja. Sisi wa Kiswahili tunalijua hilo. Mishororo miwili haihukumiwi kuwa na urari kwa silabi ya kwanza tu. Huhesabiwa mizani hadi mwisho.

Tulichora mikondo ya vali zote 18 katika karatasi ya miraba, tukazipandanisha dhidi ya mwanga wa dirisha, tukatafuta nne zilizolaliana. Tulipata tatu kwa urahisi. Ya nne ilitafutwa siku mbili, na mwishowe tukaikubali iliyokuwa karibu, kisha tukairekebisha kwa resista ndogo ya kuzungusha iliyogawanya mkondo kati ya vali mbili za jozi yake. Vali hazilingani kikamilifu. Hulinganishwa.

Ikabaki kukisawazisha kifaa chote. Kwanza kishindo: bila ya kuingiza sauti yoyote, nilitia volti ya kubana kwa ghafla, nikasikiliza kinachotoka. Du. Nikazungusha ile resista kidogo, nikatia tena. Du, lakini kwa mbali. Nikaendelea hadi ikabaki pumzi tu, nikafanya vivyo hivyo upande wa pili. Kisha stirio: niliingiza mlio mmoja wa mizunguko 1000 kwa sekunde pande zote mbili, nikarekebisha kila upande utoe volti 1 kamili bila ya kubanwa. Nikatia volti moja ya kubana kwa pande zote hadi kushoto kukashuka kwa desibeli 10, yaani volti 0.316. Kwa vali zangu za zamani, kulia kulisoma 0.24, tofauti inayozidi desibeli mbili. Sikio lolote huiona hiyo kuwa safari. Kwa vali mpya, kulia kulisoma 0.305, tofauti ya thuluthi moja ya desibeli. Nilirudia kwa desibeli 3 na 6, na pande hazikuachana kupita hapo.

Mwisho ulikuwa wakati. Kibanasauti kinapaswa kushika baada ya muda gani, na kuachia baada ya muda gani? Kikishika upesi mno, hula mdono wa ukucha juu ya uzi wa adeudeu, na kinubi hulainika kama kilichofunikwa blanketi. Kikichelewa mno, mwito hupita kabla hakijaamka. Kikiachia upesi, nyenje hupanda na kushuka kati ya maneno kana kwamba usiku wenyewe unahema. Kikichelewa kuachia, mnong'ono unaofuata mwito hupotea. Kwa resista ya omu 20,000 na kapasita ya nusu maikrofaradi nilipata kushika kwa sehemu 10 za elfu za sekunde. Kwa resista ya omu milioni moja na kapasita hiyo hiyo, kuachia kwa nusu sekunde. Nilikuta tarakimu hizo kwa kusikiliza mdono wa uzi, wala si kwa kuangalia mita. Hatimaye nilikuwa nimejifunza kitu.

Nilikuwa pia nimechelewa. Katika miezi ile niliyokuwa napima na kupanga, Babu alipatwa na kiharusi. Ulimi ulimrudia, na sauti pia kwa sehemu kubwa, lakini mkono wake wa kulia hauwezi tena kudonoa uzi. Nilipofika na kibanasauti kilichosawazishwa, mjukuu wake mwingine ndiye aliyepiga adeudeu, na Babu akaimba akiwa ameegemea mto. Rekodi ile ni safi. Hakuna anayebisha mlango, na hakuna anayehamishwa. Lakini mkono na sauti vya Babu kwa pamoja, katika mbolezi ile, vimo katika rekodi ya kwanza pekee: ile yenye kishindo, ile inayokimbilia kushoto kila mtu anapolia.

Nimejaribu kuitengeneza kwa programu za kompyuta. Unaweza kupunguza kishindo na kuirudisha sauti katikati kwa kiasi. Lakini kilichobanwa vibaya wakati wa kurekodi hakifunguki kuwa kilivyokuwa, kwa sababu kifaa hakikuhifadhi kile kilichokiondoa. Ningalikuwa na hekima ningalirekodi kwanza sauti kama ilivyo, kwa kiwango cha chini kinachouachia mwito nafasi ya kupanda. Vinasa vya kidijitali vya siku hizi vinaweza kulibeba pengo la desibeli 40 bila ya msaada wa vali yoyote. Kisha ningaliibana nakala, kwa ajili ya wale watakaosikiliza kwa spika ndogo za simu. Asili hubaki asili, na nakala hubanwa kadiri ya haja. Siku hizi ndivyo nifanyavyo.

Ndugu msomaji, huenda wewe hutatengeneza kibanasauti maishani mwako. Lakini jiulize unalifanya nini unaponukuu hadithi ya bibi kijijini kwa ajili ya tasnifu. Tunaondoa kikohozi. Tunaondoa neno lililorudiwa mara nne, tunaliandika mara moja. Tunanyoosha Kiswahili chake cha mpakani ili kifanane na sanifu. Mahali aliponyamaza tunaweka nukta, mahali alipolia tunaweka alama ya mshangao. Hiyo nayo ni kazi ya kubana, na si dhambi; bila ya kubana, msomaji wa mbali hasikii kitu. Lakini aghalabu tunatumia vali zilizopimwa zikiwa zimepumzika. Kanuni zetu za unukuzi tumezijaribu kwa maneno ya kawaida, tukaziona zinalingana, na hatukuzijaribu kwa mwito. Zinapofika pale mtu anapomwita marehemu, ndipo zinapobisha mlango, ndipo zinapomhamisha mtu kutoka mahali alipoketi. Mara nyingi mkanda nao tumekwisha kuufuta.

Rekodi zote mbili nimempa Babu katika kadi ndogo ya kumbukumbu, naye huzisikiliza kwa redio ya kichina iliyo karibu na kitanda chake. Nilitarajia atapenda ya pili. Siku moja nilimkuta akisikiliza ya kwanza. Nilingoja hadi mwito wa tatu upite, na kishindo chake, kisha nikamwuliza kwa nini anajitesa na ile mbovu.

"Hapa mkono ni wangu," akasema. Kisha akaongeza, kama anayenisamehe, "Na huyu anayebisha, nimeshamzoea. Siku hizi namfungulia."